Boti ya pontuni haikimbii: soma RPM kwanza, propela utanunua baadaye

Wenye boti za pontuni (zile zenye sakafu bapa juu ya maboya ya alumini) wengi wanalia kitu kimoja, mkono wa moto (ule wa kuongezea mwendo) umefika mwisho, injini inaunguruma kweli kweli, lakini boti inatambaa tu, na ushauri wa kwanza watakaopewa na kila mtu ni "badilisha propela". Mimi nasema subiri kwanza. Propela inaweza kuwa ndio shida na mara nyingi kweli inachangia, ila ukinunua bila kupima utapoteza hela afu boti ibaki vilevile, kwa sababu spidi ndogo inatokana na mambo matatu tofauti kabisa: injini haitoi nguvu yake, au nguvu inatoka lakini inapotelea kwenye maji pale kwenye propela, au nguvu inafika vizuri ila boti yenyewe ni nzito au inaburuta maji. Dalili zake ukiwa umekaa kwenye usukani zinafanana. Kinachozitenganisha ni namba mbili tu, RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) na spidi ya GPS.

Kwa hiyo kabla ya kushika spana nenda majini ukapime. Chagua siku imetulia, maji yawe na kina cha kutosha, beba watu na mizigo unayobebaga siku zote (usipime ukiwa peke yako afu ushangae siku una watu nane), kunja turubai la kivuli, funga kamba ya kuzimia injini kwenye mkono na kila mtu avae jaketi la kuokolea. Fungua moto mpaka mwisho, nyanyua mguu wa injini kidogo kidogo kwa trimu (kitufe cha kuinamisha injini) mpaka spidi igome kupanda, andika RPM na andika spidi. Geuza uje upande ule uliotoka upime tena, chukua wastani, maana upepo na mkondo vinadanganya. Spidi tumia ya GPS, ya simu inatosha kabisa, ile geji ya spidi inayotumia msukumo wa maji usiiamini sana kwa sababu kitundu chake kikiziba uchafu kidogo tu inasoma uongo.

Afu fungua kitabu cha injini utafute RPM ambayo mtengenezaji anataka injini ifike moto ukiwa wote. Injini nyingi za foo stroki za siku hizi ni 5000 mpaka 6000, lakini zipo za 4500 mpaka 5500 na nyingine zinazidi hapo, kwa hiyo soma ya kwako usichukue ya jirani. Sasa una majibu ya aina tatu.

RPM haifiki kwenye kiwango

Yaani injini inatakiwa 5000 mpaka 6000 na wewe unapata 4500 au 4700 basi. Hapa jiulize swali moja kabla ya yote: ilikuwa hivi tangu mwanzo, au zamani ilikuwa inafika na sasa imeshuka? Swali hili linaokoa muda mwingi sana.

Kama ilikuwa hivi tangu siku ya kwanza na injini inanguruma safi bila kukata, basi propela ina pichi kubwa mno kwa hiyo boti. Pichi ni ile namba ya pili iliyoandikwa kwenye propela, ukiona 14 x 13 maana yake kipenyo inchi 14 na pichi inchi 13, yaani umbali ambao propela ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja kama maji yangekuwa kitu kigumu. Watu wanaona pichi kubwa wanadhani ndio spidi kubwa, na kwenye boti nyepesi ya mbio inaweza kuwa hivyo, lakini pontuni ni nzito na ina eneo kubwa linalogusa maji, ukiiwekea pichi kubwa ni sawa na kupanda mlima na baiskeli ukiwa kwenye gia nzito, unasukuma kwa nguvu zote na hauendi. Injini haifiki pale inapotoa nguvu zake zote, na ndio maana ukishusha pichi boti inaongeza spidi badala ya kupunguza.

Hesabu yake: kila inchi moja ya pichi ukishusha, RPM inapanda kama 150 mpaka 200. Tuseme una pichi 15 unapata 4800 na unataka ufike karibu 5500, unahitaji kama 700 zaidi, kwa hiyo kama inchi nne, pichi 11. Ukibaki na kipenyo kilekile hesabu hii inakaa vizuri, ukibadilisha kipenyo au idadi ya mapanga inasogea kidogo. Na usiichukulie hii kama suala la spidi peke yake, injini inayolazimishwa kuvuta mzigo chini ya kiwango chake kila siku inapata joto sana ndani ya silinda, inajaza masizi, na inakufa mapema. Hata kama spidi haikusumbui, rekebisha.

Mahali palipo juu sana kutoka usawa wa bahari napo pana mambo yake, hewa ni nyepesi na injini ya kawaida isiyo na tabo inapoteza kama asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda. Ziwa likiwa mita 1500 juu hapo umeshapoteza karibu asilimia 15, na hakuna ufundi wa plagi utakaoirudisha, unashusha pichi inchi moja au mbili unaendelea na maisha.

Sasa kama zamani ilikuwa inafika 5600 na leo 4700, propela ni ileile na mzigo ni uleule, acha propela, kuna kitu kimeharibika. Fuata mpangilio huu.

Anza na kebo ya moto. Zima injini, toa kifuniko, mwambie mtu asukume mkono mpaka mwisho we ukiangalia kule kwenye injini kama kile kishikio cha kufungulia hewa kinagonga kwenye kizuizi chake cha mwisho. Kebo zinavutika na kulegea, unaweza kuwa unafungua moto robo tatu tu miezi na miezi bila kujua. Kukagua ni dakika tano na hakuna gharama.

Baada ya hapo mafuta, na hapa nakaa kidogo kwa sababu ndipo penye matatizo mengi kuliko sehemu nyingine yoyote ya injini. Kuna kipimo kizuri sana hakihitaji kifaa: mtu mmoja aendeshe moto ukiwa wote, mwingine ashike ile pampu ya mpira ya mkono iliyo kwenye mpira wa mafuta. Ikiwa imenyonywa imekuwa bapa, maana yake mafuta hayapiti vizuri kutoka upande wa tangi, kwa hiyo angalia tundu la kupumulia la tangi (mara nyingi kifuniko kimefungwa au buibui kajenga ndani ya bomba la hewa), angalia mpira uliokunjika au kubanwa na kiti, angalia ile valvu ndogo pale kwenye tangi inayozuia mafuta yasivuje yenyewe, hiyo inakwama sana. Ikiwa haijanyonywa ila ukiiminya minya RPM inapanda, basi pampu ya mafuta ya injini imechoka au kuna mahali mpira unaingiza hewa, na klipu zilizolegea ni za kwanza kushukiwa. Ikiwa ukiminya hakuna kinachobadilika, filta ikague, ile inayotenga maji pia, mwaga mafuta yake kwenye chupa safi usubiri kidogo uone kama maji yanakaa chini. Petroli yenye ethanoli ikikaa muda mrefu inavuta unyevu mpaka maji yanajitenga yanashuka chini ya tangi, na injini inanyonya kutoka hapohapo chini. Njia ya mkato ni kuunganisha tangi dogo la kubeba lenye petroli mpya na mpira wake mwenyewe, RPM ikirudi umeshajua shida iko kwenye boti, sio kwenye injini.

Mafuta yakiwa sawa nenda kwenye plagi, zitoe zote uziweke kwa mpangilio wa silinda, moja ikiwa nyeusi imelowa na nyingine ni kahawia kavu basi ile silinda haichomi. Pima kompresheni ya kila silinda. Namba yenyewe sio muhimu kama tofauti kati yao, zikipishana zaidi ya asilimia 10 mpaka 15 hapo unazungumzia pete, valvu au gasketi, na hiyo ni kazi ya fundi.

Halafu kuna kitu kinawachanganya watu wenye injini za kisasa za kompyuta: injini ikiona joto limezidi, oili ina presha ndogo au sensa inasoma vibaya, inajipunguzia RPM yenyewe ili isife. Ukiona RPM inagoma pale pale kila mara kama kuna ukuta, mfano inafika 3000 haisogei hata ufanyeje, na pengine kengele inalia, hiyo ni injini inajilinda. Usiilazimishe. Angalia maji ya kupoozea yanayotoka kwenye kile kitundu pembeni, kama yanatoka membamba au hayatoki kabisa zima, impela ya pampu ya maji imechoka au njia ya maji imeziba mchanga.

RPM inapaa lakini boti haisogei

Hii ni kinyume, injini inapiga 6000 au inagonga kikomo inaanza kukata kata, na GPS inasoma spidi ya kuchekesha. Nguvu ipo ila haishiki maji.

Kama hali imekuja ghafla, hasa baada ya kugonga gogo au mchanga, mshukiwa wa kwanza ni ule mpira wa ndani ya propela unaoshikana na shafti. Ukikatika, shafti inazunguka na propela inazunguka polepole. Dalili yake ni kwamba spidi ndogo boti inakwenda kawaida, ukifungua moto inateleza. Kuthibitisha, chora mstari mmoja wa rangi unaovuka kutoka sehemu ya katikati inayoshika shafti mpaka sehemu ya nje ya propela, nenda kimbiza, rudi uangalie. Mistari ikiwa haijakutana tena, umeipata. Angalia pia kama plastiki au kamba ya uvuvi imejizungusha, na kamba ya uvuvi usiitoe tu ukaridhika, fungua propela uangalie nyuma yake kwa sababu inakata sili ya shafti, maji yanaingia kwenye oili ya gia, na oili ikigeuka rangi ya maziwa gia zinaanza kuliwa.

Kama haikuja ghafla, basi mara nyingi propela inavuta hewa. Maboya mawili ya alumini yanasukuma maji pembeni, mawimbi yanakutana katikati, na injini iko pale pale katikati ambapo maji yana povu, kwa hiyo propela inakuta mchanganyiko wa maji na hewa. Chochote kilichoning'inia mbele yake kinaongeza povu: ngazi isiyokunjwa vizuri, bano la sensa ya sona (kifaa cha kupima kina) lililofungwa karibu mno, hata kipande cha pembe ya alumini kilicholegea. Sogeza sensa pembeni upime tena kabla hujafanya lolote la gharama. Ukiona RPM inaruka hasa kwenye kona, injini imefungwa juu mno au umenyanyua trimu kupita kiasi.

Hapa ndipo kimo cha injini kinapoingia, yaani imefungwa juu au chini kiasi gani, na kwa maoni yangu hiki ndicho kitu kinachopuuzwa kuliko vyote kwenye pontuni. Lile bamba la ulalo lililo juu ya propela linatakiwa, boti ikiwa inakimbia na trimu iko sawa, liwe linaonekana likiteleza juu ya maji au limezama kidogo sana. Likiwa limezama sana unaburuta mguu wote wa injini ndani ya maji na huo ni uzito wa kuburuta usio na kazi. Boti nyingi za pontuni injini imefungwa chini mno kwa sababu aliyefunga alichagua tundu la juu kabisa la bano (bolti ikipita tundu la juu, injini inakaa chini) ili asipate lawama za kuvuta hewa. Matundu kwenye bano yamepishana kama milimita 19, inchi robo tatu, kwa hiyo pandisha injini tundu moja, jaribu, pandisha lingine, jaribu. Utaona RPM inapanda kidogo na spidi inapanda. Siku ukianza kuvuta hewa kwenye kona za kawaida, shusha injini tundu moja. Kila ukipandisha angalia maji ya kupoozea bado yanatoka vizuri, kwa sababu matundu ya kunyonyea maji nayo yanapanda. Na kabla ya kulegeza bolti yoyote, injini ibebwe na winchi au kreni kabisa kabisa, injini ya HP 90 inazidi kilo 150, ikiteleza hakuna mkono utakaoizuia.

Kama injini iko kimo kizuri na bado inavuta hewa, hapo propela yenye mapanga manne inasaidia, inashika maji yenye povu vizuri kuliko ya matatu. Kwenye maji safi ya matatu inaweza kuizidi spidi ya juu kidogo, ila pontuni haiishi kwenye maji safi. Ile ya chuma cha pua nayo haipindi mapanga ikisukumwa kwa nguvu kama ya alumini, kwa hiyo inabaki na umbo lake. Ila kasoro yake ijue, ukigonga mwamba ya alumini inavunjika yenyewe, ya chuma inaweza kupeleka mshtuko mpaka kwenye gia.

RPM iko sawa, spidi ndogo

Hapa injini haina kosa, kwa hiyo hesabu kwanza uone propela inateleza kiasi gani. Chukua RPM zidisha na pichi ya inchi, gawanya kwa uwiano wa gia (upo kwenye kitabu cha injini), kisha gawanya kwa 656, utapata kilomita kwa saa ambazo boti ingekwenda kama hakuna kuteleza. Mfano RPM 5500, pichi 13, gia 2.33, inatoka karibu 47. GPS ikisoma 37 umepoteza kama asilimia 21, na kwa pontuni hiyo ni ya kawaida. GPS ikisoma 28 umepoteza asilimia 40, hapo kuna kitu kinashika boti, au propela bado inavuta hewa kimya kimya, rudi sehemu ya juu.

Maji ndani ya maboya ndio ya kwanza kukagua. Boya linapata ufa mdogo kwenye welding, maji yanaingia kidogo kidogo, na kila lita moja ni kilo moja. Lita mia mbili ndani ya boya ni kama umebeba watu watatu wasioonekana, tena wamelala upande mmoja. Angalia boti ikiwa imesimama bila watu, upande mmoja umezama kuliko mwingine au tezi (nyuma ya boti) imezama kuliko zamani? Ikitoka majini gonga boya kwa ngumi kuanzia chini kwenda juu, sauti itabadilika pale maji yanapoishia. Kama kuna plagi ya kumwagia fungua. Kutafuta ufa unajaza hewa ya presha ndogo sana, 2 au 3 psi basi, unapaka maji ya sabuni kwenye welding unatafuta mapovu. Usiunganishe kompresa ya tairi bila kidhibiti, boya linavimba na kupasuka na linaweza kuumiza mtu.

Baada ya hapo uchafu. Utando wa kijani unaoteleza unapunguza spidi, na makombe madogo yanayong'ang'ania yanapunguza zaidi sana, hata yakiwa machache. Kwangua kwa mbao au plastiki, chuma kinachana alumini. Kama boti inalala majini na unataka rangi ya kuzuia uchafu, usipake ile yenye shaba, shaba inakula alumini kwenye maji, maboya yatatoboka. Zipo rangi zinazofaa kwa alumini, uliza hizo.

Mizigo ni rahisi, toa nanga ya pili, betri ya akiba, zulia lililolowa, na petroli usijaze tangi lote kama safari ni fupi, lita 100 ni karibu kilo 75. Lakini kuliko uzito wenyewe, mahali ulipokaa. Watu wote wakikaa omo (mbele) maboya yanachimba maji kwa pua na hakuna trimu itakayoinua, wahamishe wawili watatu nyuma uone GPS inavyosogea hapohapo. Lile turubai la kivuli nalo, kwa spidi ya kilomita 35 linashika upepo kweli kweli, likunje.

Ukishamaliza haya yote na bado unataka zaidi, unagusa umbo la boti lenyewe. Yale mabapa ya pembeni yanayochomelewa chini ya maboya yanainua boti juu ya maji ukikimbia, na yana faida ya kweli kama injini ina nguvu ya kutosha, kwa injini ndogo hayafanyi kitu. Kufunika chini ya sakafu kwa bati la alumini kunazuia maji yasipige zile fito za kuvuka, unapata kilomita chache na boti inakuwa kimya zaidi, ila acha mahali pa kukagua nyaya na mipira ya mafuta. Boya la tatu la katikati ndilo linalobadilisha boti kabisa, kwa sababu linabeba uzito wa injini kule nyuma na boti inapata nafasi ya kupanda juu ya maji badala ya kuyapasua.

Injini kubwa zaidi iweke mwisho. Boti ya maboya mawili inafika mahali kila HP unayoongeza inakupa spidi ndogo kuliko ile ya kabla yake, kwa sababu maji yanazidi kupinga kadiri unavyokimbia. Na kile kibao cha mtengenezaji kilichogongwa kwenye boti kinasema HP ya juu kabisa inayoruhusiwa, usikivuke, fremu ya nyuma ilitengenezwa kwa uzito na msukumo huo. Kuongeza boya la tatu hakubadilishi namba iliyoandikwa pale mpaka mtengenezaji mwenyewe aseme hivyo. Ukiifunga injini mpya ndani ya kiwango cha kibao, usihamishie propela ya zamani kwa kudhani itafaa, uwiano wa gia unaweza kuwa tofauti na pichi yote inabadilika, kwa hiyo rudi majini na mzigo wako wa kawaida, moto wote, andika RPM na GPS upya.